Bibi Aje na Mfuko Wote

Malalamiko yanayotufikia kuhusu famasia yamebadilika. Zamani watu walilalamikia bei na dawa zilizopitwa na muda. Siku hizi wengi wanalalamika kwamba mfamasia anauliza sana. Mmoja alitueleza kuwa alimtuma kijana kumnunulia mama dawa ya magoti, kijana akarudi mikono mitupu na ujumbe kwamba mama aje mwenyewe na dawa zake zote. Mwingine alilipa boda kwenda na kurudi, akahojiwa kaunta mpaka akahisi yuko polisi. Wa tatu aliuliza waziwazi: mfamasia si daktari, ana haki gani ya kutaka kujua mama yangu anameza nini nyumbani?

Naamini wote watatu wanawapenda wazazi wao. Asiyejali hapandi boda. Lakini wafamasia hao watatu walikuwa wakifanya kazi waliyosomea, na kwa mzee kazi hiyo huenda ikawa na thamani kuliko dawa yenyewe iliyokuja kununuliwa. Tarehe 25 Septemba ni Siku ya Wafamasia Duniani, na mwaka huu ofisi yetu inayopokea malalamiko haya imeamua kuitumia kueleza jambo moja tu: kupitia upya dawa za wazee.

Nianze na kile nilichokiona kwa macho yangu.

Nilikuwa kwenye famasia moja mjini Busia, upande wetu wa Uganda. Bibi wa miaka 74 aliingia ameshikwa mkono na mjukuu wake. Kifuani alikumbatia kavera nyeusi, mfuko wa nailoni, ndani yake kavera nyingine, imefungwa mafundo mawili. Alitaka Lasix tu, dawa ya kukojosha, kwa sababu miguu imevimba tena. Mfamasia alimpa kiti kwanza. Kisha akasema, "Mama, nionyeshe na hizo nyingine." Bibi akasita. Akauliza kama atatozwa pesa kwa kuonyesha. Alipohakikishiwa kwamba hapana, akafungua mafundo kwa meno.

Vilitoka vitu kumi. Kulikuwa na nifedipine ya kituo cha afya, kila kidonge kimekatwa katikati kwa kisu cha jikoni ili kifike mwisho wa mwezi. Kulikuwa na amlodipine iliyonunuliwa ng'ambo, Busia ya Kenya, siku dawa za kituo zilipokwisha. Kulikuwa na enalapril, na Lasix zilizobaki mbili. Kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, ya tatu tangu mwezi uliotangulia. Diclofenac za magoti. Brufen alizopewa na jirani, za magoti hayohayo. Piriton, ambazo alisema humsaidia kulala. Vidonge vya magnesiamu vya tumbo. Na mwisho, chupa ya maji ya soda iliyojaa mululuza, yale majani machungu, uliochemshwa, wa kijani kibichi, mfuniko wake umefungwa kwa kipande cha nailoni.

Mfamasia alivipanga kaunta kimoja kimoja, akauliza kila kimoja kilitoka wapi, nani alimpa, kwa ajili gani, na leo amekimeza saa ngapi. Hakuwa na haraka. Nje foleni ilianza kunung'unika, nami nakiri kwamba foleni ile inanikumbusha barua tunazoletewa.

Sasa angalieni jinsi mfuko ule ulivyojazana. Nifedipine na amlodipine ni ndugu wa tumbo moja. Zote hulegeza mishipa kushusha presha. Dawa za ukoo huo hujulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Bibi alikuwa anameza mbili kwa pamoja bila mtu kujua, miguu ikavimba. Alipokwenda kliniki na miguu iliyovimba, akapewa Lasix ya kukojoa maji. Uvimbe wa aina ile hausikii sana dawa ya kukojosha, kwa hiyo ukarudi, na yeye akarudi kununua zaidi. Enalapril, nayo dawa ya presha, ina tabia yake: takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaoitumia hupata kikohozi kikavu kisichokoma. Bibi akakohoa, akanunua dawa ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Diclofenac na Brufen, ambazo nazo ni za ukoo mmoja, hupandisha presha na kuchubua tumbo. Tumbo likaunguza, akanunua magnesiamu. Kati ya vitu kumi, vitano vilikuwa vinatibu madhara ya vingine, au vinarudia kazi ileile kwa jina jingine.

Hakuna aliyemkosea bibi huyu kwa makusudi. Kila aliyempa dawa aliona kipande chake. Aliyeona presha aliona presha. Aliyeona miguu aliona miguu. Alikuwa na vitabu vitatu vya matibabu, yale madaftari ya shule tunayonunua mlangoni mwa hospitali, kila kliniki na daftari lake, na hakuna daftari lililowahi kusoma jingine. Mtu wa kwanza kuona mfuko mzima alikuwa mfamasia.

Kisha akampima presha akiwa amekaa: 138 kwa 80. Wengi wangeishia hapo na kumpongeza. Akamwomba asimame, akamshika kiwiko, akasubiri, akapima tena: 112 kwa 68. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, damu haifiki kichwani vizuri na mtu huona giza. Ndipo mjukuu akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba bibi ameanguka mara mbili jikoni mwezi huo. Nyumbani walisema ni uzee.

Neno hilo, "ni uzee", linanisumbua kuliko mengine yote. Mzee akisinzia mchana, ni uzee. Akisahau jina la mjukuu, ni uzee. Akiyumba, akikosa hamu ya chakula, akishindwa kukojoa, ni uzee. Mara nyingi ni kidonge. Piriton ambayo kijana humeza kwa mafua na kwenda kazini, kwa mzee humkausha mdomo, humfunga choo, humtia ukungu akilini, na kwa mzee wa kiume mwenye tezi dume iliyovimba inaweza kuziba mkojo kabisa mpaka akimbizwe hospitali kuwekewa mpira. Amitriptyline, dawa ya sonona na ya maumivu ya neva, hufanya vivyo hivyo. Diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, humwangusha mzee usiku anapoamka kwenda chooni, na nyonga iliyovunjika katika umri wa miaka 80 ni jambo ambalo familia nyingi hapa zinajua lilivyoisha.

Sababu iko mwilini. Baada ya miaka 40 hivi, uwezo wa figo kuchuja hupungua takriban asilimia 1 kila mwaka. Mwili hupoteza maji na misuli, na mafuta huongezeka, kwa hiyo dawa kama diazepam hujificha kwenye mafuta na kukaa siku nyingi. Dozi iliyomfaa mtu akiwa na miaka 50 si dozi yake akiwa na miaka 75. Tunasikia sana kauli ya "nimeitumia miaka kumi haijanidhuru". Dawa haijabadilika, lakini figo si zile za miaka kumi iliyopita.

Kuna hesabu ambayo mfamasia hufanya na ambayo wananchi hawaioni. Tuseme mama wa miaka 74, kilo 48, amepima kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, maabara na kupata 1.2. Karatasi ya maabara inaweza kuonyesha namba hiyo iko ndani ya kawaida, na familia ikarudi nyumbani na furaha. Lakini mtu mwenye misuli michache hutengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo namba hiyo hudanganya. Kanuni ya Cockcroft na Gault ya 1976, ya kukadiria uwezo wa figo kuchuja, huchukua 140, hutoa umri, huzidisha kwa uzito, hugawa kwa kreatinini mara 72, na kwa mwanamke huzidisha jibu kwa 0.85. Kwa mama huyu jibu ni 31 hivi. Hiyo ni figo iliyochoka. Metformin, dawa ya kisukari, inapaswa kupunguzwa katika kiwango hicho na kusimamishwa kabisa chini ya 30. Glibenclamide, nayo ya kisukari, ambayo wengi wanaijua kama Daonil, hurundikana na kushusha sukari kwa saa nyingi. Ndiyo maana mfamasia anauliza kilo za mama yako. Hafanyi umbea.

Glibenclamide naiongelea kwa uchungu. Mzee huamka, humeza kidonge chake asubuhi, kisha hakuna chai, au kuna chai ya rangi bila kitafunwa, na chakula huja saa nane. Saa tano anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nimekutana na familia mbili zilizomuombea mzee dhidi ya mapepo wakati sukari yake ilikuwa imeshuka; kijiko cha sukari kwenye maji, kama bado anaweza kumeza, kingekuwa cha kwanza. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe kituo cha afya. Ikiongezwa antibayotiki ya ciprofloxacin kwa ajili ya mkojo unaouma, sukari inaweza kushuka zaidi. Kwa wazee wetu Waislamu, mazungumzo kuhusu dawa za sukari na saumu yafanyike wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, siyo siku ya tatu ya mfungo wakati mtu ameshaanguka.

Mchanganyiko wa dawa tatu ndio unaoua figo kimyakimya, na karibu kila mfuko wa mzee mwenye presha na magoti unao: enalapril au ndugu zake, dawa ya kukojosha, na diclofenac au Brufen. Figo hupata damu kupitia mshipa unaoingia na kuiachia kupitia mshipa unaotoka. Diclofenac hubana unaoingia. Enalapril hulegeza unaotoka. Dawa ya kukojosha hupunguza maji yenyewe. Kichujio kinabaki bila msukumo. Mzee akiharisha siku mbili tu katika hali hiyo, figo zinaweza kugoma. Kila moja ya dawa hizo ni nzuri mahali pake. Kwa magoti ya mzee wa presha, paracetamol ndiyo ya kuanzia, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mtu mwembamba sana chini ya hapo.

Sasa kuhusu mipaka, maana hapa ndipo maswali mengi yanapotoka na ndipo nalazimika kuwa makini.

Mfamasia hafuti cheti cha daktari. Akiona tatizo kwenye dawa iliyoandikwa, humwandikia au humpigia simu aliyeiandika, hueleza alichokiona na kupendekeza, kisha aliyeandika huamua. Dawa ambazo mzee amejinunulia mwenyewe, mfamasia anaweza kumshauri aziache palepale. Kwa bibi wa Busia, Diclofenac na Brufen ziliachwa siku ileile. Zilizobaki zilisubiri simu. Na tafadhali, msome sentensi hii mara mbili: hakuna mzee anayepaswa kuacha dawa kwa sababu amesoma makala hii. Propranolol, atenolol, prednisolone, dawa za kifafa na diazepam ya muda mrefu zikiachwa ghafla zinaweza kumletea mtu hatari kubwa kuliko zilivyokuwa zikimletea.

Mfamasia ni nani? Amesoma shahada ya famasia kwa miaka minne, akafanya mwaka wa mafunzo ya kazi chini ya usimamizi, akasajiliwa. Siyo kila anayesimama nyuma ya kaunta ni mfamasia. Katika famasia utakuta pia mafundi sanifu wenye stashahada, na wengi wao ni hodari, lakini mapitio ya dawa za mzee mwenye maradhi matatu ni kazi ya mfamasia, kwa hiyo uliza jina lake na saa anazokuwepo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Na famasia si sawa na duka la dawa. Naona hili halieleweki hata miongoni mwa watu wenye elimu kubwa, nami sijui tuliseme mara ngapi. Chini ya sheria ya 1993 iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, dawa zimegawanywa katika madaraja. Daraja A ni dawa zinazodhibitiwa kwa ukali, kama mofini. Daraja B ni zile za cheti: antibayotiki, dawa za presha, za sukari, diazepam. Daraja C ni zile zinazoruhusiwa kuuzwa bila cheti. Duka la dawa lina leseni ya daraja C peke yake. Famasia ina leseni pana na lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa. Leseni ni ya mwaka, na ya mwaka huu ndiyo inayotakiwa kubandikwa ukutani mahali mteja anapoiona, siyo ya mwaka jana, siyo risiti ya malipo, siyo barua ya maombi. Muuzaji anayetoa nje ya daraja lake anaweza kunyang'anywa dawa, kufungiwa duka, kufutiwa leseni na kupelekwa mahakamani. Mfamasia anayeazima jina lake kwa duka asilolisimamia hujibu pia mbele ya baraza la taaluma yake. Kwa hiyo duka la dawa la kijijini likikunyima glibenclamide, halina roho mbaya. Linatii sheria.

Kuna hofu nyingine iliyonishangaza nilipoanza kuisikia. Wazee huacha nyumbani dawa za kituo cha afya kwa sababu zina alama ya serikali inayosema haziuzwi. Wanaogopa kukamatwa nazo. Kosa ni kuziuza au kuziiba. Mgonjwa aliyepewa dozi yake kituoni hana kosa lolote, na mfamasia hawezi kukushtaki kwa kubeba dawa yako mwenyewe. Huduma katika vituo vya serikali ni bure tangu 2001 na dawa hizo ni zako. Zibebe.

Za kufichwa kuliko zote ni ARV. Waliopata dawa mapema na kuzishika vizuri sasa ni mababu na mabibi, jambo la kumshukuru Mungu, lakini wengi hawataki hata watoto wao wajue. Mzee huja na mfuko wa presha na sukari, ARV zimebaki chini ya godoro. Ni hasara kubwa, kwa sababu dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge ambacho wengi wanatumia, huongeza metformin mwilini, na mtu anayetumia zote mbili hapaswi kuzidisha miligramu 1000 za metformin kwa siku. Zile magnesiamu za tumbo nazo huishika dolutegravir tumboni isiingie mwilini. Dolutegravir imezwe saa mbili kabla ya magnesiamu au saa sita baadaye. Mzee anaweza kumeza ARV kila siku bila kukosa, kisha virusi vikapanda kwa sababu ya kidonge cha bei ndogo cha kiungulia. Kama hutaki mjukuu asikie, mwambie mfamasia unataka kuongea naye peke yako pembeni. Siri yako ni sehemu ya kiapo chake. Ninyi wajukuu, mkiombwa msubiri nje, subirini nje bila kuuliza kwa nini.

Majani pia yaje. Hatuyadharau. Mama yangu mwenyewe alikuwa na mti wa mwarobaini nyuma ya nyumba na mululuza kando ya bafu. Lakini kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru. Mululuza umeonyesha uwezo wa kushusha sukari kwa wanyama wa maabara. Ukiunganishwa na glibenclamide hakuna anayeweza kukuambia sukari yako itaishia wapi. Zaidi tunaziogopa zile chupa za "dawa ya viungo" zinazouzwa kwenye mabasi na sokoni. Mzee akinywa dawa ya mitishamba na maumivu ya miaka mitano yakatoweka usiku mmoja, uso ukaanza kujaa na sukari ikapanda, tunashuku imechanganywa na dawa za kizungu kama dexamethasone. Ilete chupa yenyewe, usituletee hadithi yake.

Jambo la familia kumtuma mtoto na karatasi tupu ya vidonge, "nipe kama hizi", linahitaji maneno machache tu. Mtoto hawezi kujibu kama bibi ameanguka. Kama mzee hawezi kusafiri, aje yule anayempa dawa kila siku, siyo yule mwenye pikipiki.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Mzee wa miaka 60 na zaidi anayetumia dawa tano au zaidi apitiwe dawa zake angalau mara moja kwa mwaka. Asisubiri mwaka akitoka kulazwa hospitali, akianguka, akiongezewa dawa mpya, au akibadilika tabia ghafla. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake ya dawa bila madhara mnamo 2017 lilitaja dawa nyingi kwa mtu mmoja, na kuhama kwa mgonjwa kutoka mikono hadi mikono, kuwa miongoni mwa mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza. Kutoka hospitali ya rufaa kurudi kijijini ndiko tunakopoteza wengi. Chagua famasia moja uizoee. Usiende saa za jioni watu wanapotoka kazini. Asubuhi baada ya saa tatu ni bora, na uulize kabla kama mapitio marefu yana malipo. Njoo na mfuko wote, madaftari yote, na matokeo ya maabara ya karibuni. Dawa zibaki ndani ya pakiti zake; tukikuta vidonge vyeupe vilivyochanganywa ndani ya kopo la Vaseline tunabaki kubahatisha. Kutoka hapo liwe daftari moja tu, na orodha ya dawa iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa jina halisi la dawa na siyo la biashara, ili aliyeko Mbale au ng'ambo aisome bila kuuliza. Ukipata dhara, lisemwe: NDA hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, siyo kwa wataalamu peke yao.

Najua gharama. Ruzuku ya wazee, SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi na huanzia miaka 80. Bibi wa Busia hakuwa amefikia hata huo umri. Alikuwa akilipia kwa kuuza ndizi dawa za kikohozi kilicholetwa na dawa nyingine.

Mganga wa kituo chake alipokea simu ya mfamasia kwa shukrani, akaomba figo na potasiamu zipimwe kwanza. Baada ya majibu, nifedipine iliondolewa ikabaki amlodipine peke yake kwa dozi ndogo. Kidonge kile cha nifedipine kimetengenezwa kutoa dawa polepole. Kukikata kwa kisu kunaweza kuimwaga yote kwa mkupuo, na hilo pekee lingetosha kumwangusha. Enalapril ilibadilishwa kuwa losartan, dawa nyingine ya presha. Lasix ikaachwa miguu ilipopungua. Kikohozi kilimalizika wiki ya tatu. Piriton alizing'ang'ania kidogo, akasema usiku ni mrefu, mpaka binti yake alipokubali kulala chumba kimoja naye.

Zilizobaki hakutaka kuzitoa, kwa kuwa zilinunuliwa kwa pesa yake, na jirani alikuwa ameshaziomba zile Lasix. Mfamasia alimweleza kwamba miguu ya jirani inaweza kuwa imevimba kwa moyo, au kwa figo, au kwa ini, na hakuna aliyeipima. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mjukuu kumwita jirani aje na mfuko wake.